Shahidi wa Mto Tuerto

Wapimaji wa serikali walipopanda kata ya milimani ya Hoya Fría mwezi Februari mwaka 1947, walifikia kwa Nicanor Bonilla, kwa kuwa kila waliyemuuliza njiani mpaka wa kata uko wapi aliwatajia jina hilo hilo. Nicanor alikuwa na miaka sitini na nne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mjumbe wa kata, enzi zile mjumbe alipotembea nyumba kwa nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kafa, na nani kashuka pwani kukata miwa asirudi. Cheo kilifutwa, daftari likachukuliwa mjini, lakini kata yenyewe ilibaki kichwani mwake.

Alijua kwamba babu yake alikuta msitu na familia tano. Alijua kwamba Wakorsika, wahamiaji kutoka ng'ambo ya bahari, walipoanza kupanda kahawa watu walimiminika kutoka pwani, kila kilima kikawa na moshi. Kilipopiga kimbunga cha San Ciriaco, mwaka 1899, kata ilikuwa na watu elfu moja na mia tatu. Miezi michache baadaye mibuni ilikuwa imelala chini kama mikeka, na watu wakipakiwa melini kwenda kukata miwa Hawaii, mahali ambapo hata padri alishindwa kupaonyesha kwenye ramani. Nicanor alikuwa na miaka kumi na sita. Kaka zake wawili walikuwa melini. Tumbaku baadaye iliwarudisha watu kidogo, ikaja ikaanguka nayo. Sasa kulikuwa na ndege, na ndege ilimeza watu haraka kuliko meli.

Kati ya watu mia saba na sitini waliosalia, tisini na wanne walikaa La Isleta, kitongoji cha nyumba kumi na saba, nao ndio waliomnyima usingizi.

Zamani Mto Tuerto, mpaka wa Hoya Fría na kata jirani ya Malangal, ulipita upande wa magharibi wa nyumba hizo kumi na saba, mbele ya milango yao. Kimbunga cha mwaka 1928 kiliporomosha nusu ya mlima majini. Mto ukaziba, ukatafuta njia nyingine, ukapasua ardhi upande wa mashariki. Asubuhi watu wakafungua milango wakakuta mto waliouacha mbele ya nyumba uko nyuma ya jiko. Toka hapo wakawa wamekatwa na kata yao wenyewe. Shule, kanisa, makaburi na barabara kuu vyote vilikuwa ng'ambo ya maji, na njia ilikuwa mawe tisa na kamba iliyofungwa kwenye miti miwili. Mto ukijaa, La Isleta ilikaa kimya ikisubiri.

Elpidia, binti pekee wa Nicanor, aliolewa huko. Mtoto wake wa kwanza alipatwa na homa mwezi wa mvua, akafa mgongoni mwa baba yake, Wenceslao, wakiwa wamesimama kwenye jiwe la kwanza wakingoja maji yapungue. Nicanor alikuwa ng'ambo ya pili na nyumbu mwenye tandiko. Walitazamana hivyo, yeye na mkwe wake, kutwa nzima.

Jumapili moja kabla ya wapimaji kuanza kazi, alimjia Práxedes Lugo, mwenye duka la Malangal na mtu wa chama wa kata ile, aliyejua habari za serikali kabla serikali yenyewe haijazijua.

"Don Nicanor! Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie, Práxedes, unifagilie njia."

Práxedes alicheka mpaka tumbo likatikisika. Alipewa kahawa, akainywa kwa kelele, kisha akaweka kikombe chini. "Nasikia utawaonyesha wapimaji mto."

"Watauona wenyewe. Hauna haya, umelala pale uchi."

"Mto upi sasa? Maana tunayo miwili, wa maji na wa mawe." Akasogeza kiti. "Sikiliza, mzee wangu. Serikali ina daraja moja la kujenga bonde hili. Moja tu. Linakwenda kwa kata yenye watu elfu. Sisi Malangal tuko mia tisa na thelathini, nimejumlisha mpaka waliomo matumboni. Nyinyi hamtafika hata mkizaa mapacha mwaka mzima. Nipe La Isleta. Waambie mpaka ni mto wenye maji, ndio umekuwa hapo tangu Mungu aumbe dunia, na lile bonde kavu ni korongo la mvua tu. La Isleta inaingia Malangal, Malangal inafika elfu, na daraja linajengwa."

"Wapi?"

"Wapi pengine? Pale kwenye mawe wanapovukia watoto. Sisi wenyewe bila hapo tutaifikiaje barabara kuu?"

"Unataka nidanganye."

"Nataka watoto wavuke. Mto hautakwenda kukushtaki."

Nicanor aliinuka akakusanya vikombe. Katika miaka kumi na tisa ya ujumbe hakuwahi kuandika uongo daftarini. Jirani mmoja alipomsihi amwongezee binti yake miaka miwili ili aolewe na mwenye shamba, alikataa, na jirani huyo hakumsalimia tena hadi alipoingia kaburini. Lakini wiki ile nzima, kila alipofumba macho, alimwona Wenceslao kwenye jiwe la kwanza.

Mpimaji mkuu alikuwa kijana kutoka San Juan, mhandisi Ferrán, mwenye miwani na adabu. Siku ya tatu walifika kwenye bonde kavu. Ferrán alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akainama, akaokota jiwe. Lilikuwa laini, la mviringo kama yai la bata, na yalikuwa maelfu kama hilo, yametandazwa mpaka mbele ya nyumba za La Isleta.

"Don Nicanor, mawe haya yamesuguliwa na maji mengi."

"Mvua za huku si mchezo, mhandisi."

Mwenzake aliyeshika mnyororo wa kupimia alicheka. Ferrán hakucheka. Hatua chache kutoka pale, Doña Monserrate Vélez, mjane wa La Isleta, alikuwa anachuma mbaazi, kikapu kiunoni. Nicanor alikuwa baba wa ubatizo wa mwanawe, kwa hiyo kwa miaka thelathini walikuwa wakiitana compadre na comadre. Mwanamke huyo alikuwa na ulimi ulioogopwa na padri mwenyewe.

"Sheria inataka shahidi mwenyeji," alisema Ferrán, akifungua karatasi zake. "Nawe ndiye shahidi. Mpaka wa Hoya Fría na Malangal ni mto upi?"

"Ni ule kule. Wenye maji."

"Umekuwa pale siku zote?"

"Siku zote."

Mikono ya Doña Monserrate ilisimama juu ya mbaazi. Nicanor alimngoja aseme. Mwanamke alimtazama, kisha akageukia mti mwingine akaendelea kuchuma, na Nicanor akaweka sahihi yake, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa utotoni.

Wenceslao wakati huo alikuwa ameshakwenda Ohio, kwenye kiwanda cha chuma. Mwezi Septemba barua yake ilifika. Alikuwa amepata vyumba viwili, alitaka mkewe na watoto wawili waliobaki wafike kabla ya baridi. Elpidia alivuka mawe kumletea baba yake habari.

"Naomba baraka, baba."

"Mungu akubariki, mwanangu. Keti."

Alimsomea barua. Nicanor alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ngojeni daraja."

"Baba, hilo daraja umeliona wewe?"

"Linakuja. Najua ninachosema."

"Hata kaka zako walisema watarudi."

"Ndiyo maana nakwambia. Aliyeondoka hapa hakurudi, Elpidia. Hata mmoja. Nimeandika majina yao kwa mkono huu. Daraja likija Wenceslao atarudi, tutapanda tumbaku upya, watoto watavuka kwenda shule na viatu miguuni. Nipe mwaka mmoja."

Elpidia alikunja barua mara nne. Hakuwa mtu wa kubishana na baba yake, na huko Ohio hakukujua. "Mwaka mmoja," alisema.

Nicanor aliwapitia na wengine. Wapo waliokuwa wameshauza mbuzi wapate nauli. Aliwashika mkono akawaambia wakae. Kwa kuwa ni yeye aliyesema, walikaa.

Malori yalianza kupita barabara kuu mwezi Aprili uliofuata, yamebeba saruji. Watoto wa La Isleta walikaa juu ya mawe ya kuvukia wakiyapungia mikono. Malori yakapita mahali pa kukatia kona kuja kwao, yakaendelea, hayakurudi. Nicanor aliyafuata kwa nyumbu. Kilomita nne kuelekea chini, mahali paitwapo El Salto, alikuta shimo limechimbwa, na Práxedes kasimama kando yake na kofia mpya. Kiwanja kilichokabili shimo kilikuwa cha Práxedes. Duka jingine lilikuwa limeshaanza kupandishwa kuta.

"Uliniambia kwenye mawe," alisema Nicanor.

"Wahandisi wanasema mwamba ni mzuri hapa."

"Uliniambia kwenye mawe, Práxedes."

"Nilikuambia kata itapata daraja, na kata imepata. La Isleta si Malangal? Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, karatasi ipo. Basi daraja ni lao, karibuni wapite!" Vibarua wakacheka. Práxedes akapunguza sauti, karibu kwa huruma. "Nenda nyumbani, mzee. Jua kali."

Kutoka La Isleta kwenda El Salto hakukuwa na njia. Kulikuwa na jabali na msitu wa miiba.

Mwezi Agosti, mwalimu wa Hoya Fría, Señorita Amparo, alivuka mawe akiwa ameshika viatu mkononi. Aliwakusanya wazazi kwa Doña Monserrate. Alikuwa amelia njiani, macho yalionyesha. Barua imekuja kutoka mjini, aliwaambia: shule ya Hoya Fría isiandikishe watoto wa kata nyingine. Tena, kwa sababu idadi ya kata imepungua, mwalimu wa pili ameondolewa, na madarasa ya juu yamefungwa.

"Shule yetu sasa ni ipi?" aliuliza Elpidia.

"Ya Malangal."

"Ile ya mlimani? Mtoto wa miaka saba saa mbili kupanda, saa mbili kushuka?"

Señorita Amparo aliinamia viatu vyake. Alikaa akanywa kahawa, akawaachia vitabu sita vya kusomea, vilivyochakaa, akavuka tena. Wale watoto walikwenda Malangal wiki tatu. Mvua ilipoanza wakaacha, na hakuna mzazi aliyewalazimisha.

Pigo la tatu lilikuja mlangoni mwa kanisa. Serikali ilikuwa inawagawia viwanja wale wasio na ardhi, wakaao kwenye mashamba ya wenyewe, na karibu La Isleta yote ilikuwa imejiandikisha Hoya Fría tangu mwaka wa kwanza. Karani alisoma orodha. Majina yao hayakuwemo. Wakaambiwa si wakazi. Wakaenda Malangal, wakaambiwa orodha ya huko ilifungwa mwaka uliopita, tena kwa wenyeji. Siku ile Doña Monserrate alirudi akiburuta sketi matopeni, akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Kwa Hoya Fría sisi ni Malangal, kwa Malangal sisi ni wageni. Labda tumuulize Papa kama tuna kata mbinguni." Watu walicheka, kisha kicheko kikawakauka mdomoni.

Mwezi Machi mwaka 1949 Nicanor alivaa suti yake ya harusi na kwenda San Juan, safari aliyokuwa ameifanya mara moja maishani. Alikaa siku nzima kwenye benchi la ofisi ya ramani kabla Ferrán hajatoka. Mhandisi alimtambua, akampeleka mezani, akamtandikia ramani. Nicanor hakuwahi kuiona Hoya Fría namna ile, ndogo, bila harufu, imezungushiwa wino. Alitafuta La Isleta. Haikuandikwa jina. Palikuwa na vinukta kumi na saba upande wa pili wa mstari.

"Nilidanganya," alisema. "Mto wa kweli ni ule wa mawe. Futa."

Ferrán alivua miwani. "Ramani imeshatiwa sahihi na kuchapishwa, Don Nicanor. Kuibadilisha ni mpaka kata zote mbili ziombe, na meya, na mahakama. Malangal wataomba?"

"Wewe uliliona lile jiwe. Ulijua."

"Nilijua." Hakukwepesha macho. "Niliwaza, mzee huyu ana sababu yake, na watu ni wake. Nikadhani unawasaidia."

"Na mimi nilidhani hivyo."

Ferrán alimnunulia mkate wa nyama kwa ajili ya njiani. Nicanor aliushika mapajani safari nzima, hakuula, na alipofika akampa mbwa wa kwanza aliyekutana naye.

Nyumbani barua nyingine ilikuwa imetangulia. Haikuandikwa na Wenceslao bali na binamu yake. Wenceslao alikuwa amengoja baridi mbili. Sasa alikuwa anaishi na mwanamke wa Kipolandi aliyempangisha chumba, na mwanamke huyo ana mimba. Elpidia hakuleta barua hiyo kwa baba yake. Nicanor alimkuta nayo jikoni, anamenya ndizi mbichi, barua imeegemea chungu.

"Mwanangu..."

"Nimeomba kazi Chicago," alisema Elpidia bila kuinua uso. "Ya kufagia nyumba za watu. Nitakwenda na watoto, binamu Ramonita atanipokea."

"Ni mimi niliyekwambia usubiri."

"Ndiyo, baba. Ni wewe."

Alilisema hilo bila hasira, kama mtu anayejibu kwamba leo ni Jumanne. Nicanor alitamani amtukane. Alikaa akamsaidia kumenya ndizi. Walizila na samaki wa chumvi, wao na wale watoto wawili, na baada ya chakula mdogo alimuuliza babu kama Chicago kuna mto. Nicanor akasema hajui. Wiki mbili baadaye aliwapeleka barabara kuu, akiwavusha mmoja mmoja juu ya mawe. Elpidia aliomba baraka. Alimpa. Gari likaja mapema kuliko walivyotegemea, ikabidi waharakishe mizigo.

Baada ya hapo kuondoka hakukuwa habari tena. Familia ya Bermúdez ilikwenda New York yote kwa mpigo, watu kumi na mmoja. Wengine walishuka mabondeni kwa ndugu. Wale waliokuwa wameuza mbuzi mwaka ule hawakuwa tena na mbuzi wa kuuza, wakaondoka kwa miguu. Karani wa sensa alipopita mwaka 1950 alikuta nyumba nne zenye moshi, na mwaka uliofuata ilibaki moja, ya Doña Monserrate. Hoya Fría yenyewe haikuwa na hali bora. Señorita Amparo alihamishwa, na kanisa likawa linapata padri mara moja kwa mwezi.

Nicanor alikuwa akivuka kila asubuhi kumpelekea comadre wake kahawa. Asubuhi moja ya Januari alimkuta amevaa suruali ya marehemu mumewe, nyundo mkononi, ngazi imeegemezwa ukutani.

"Mwanangu wa Ponce amenijia na maneno yake ya kila siku, nihamie kwake," alisema, "safari hii nimechoka kumkatalia. Mabati nimemuuzia mtu wa Malangal. Anakuja na nyumbu mchana."

Nicanor aliweka kahawa chini. Alikuwa amelibeba lile jambo karibu miaka mitano, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Comadre, siku ile ya wapimaji nilisema uongo. Práxedes aliniahidi daraja. Ninyi nyote mmeondoka kwa sababu ya mdomo wangu."

"Nilikuwepo, compadre. Masikio ninayo."

"Mbona hukunikanusha? Ungesema neno moja tu, yule kijana angeandika."

Doña Monserrate aliinua mabega. "Nilitaka daraja, Práxedes alishalitangaza dukani kwake. Nilirudi nikawaambia wote, Nicanor katudanganyia, tutapata daraja. Tulichinja kuku. Hukualikwa kwa sababu tulijua utaona haya."

Nicanor alikaa kwenye kizingiti. Miaka yote alikuwa amejiandaa kuhukumiwa, na watu hao walikuwa wameshapanda ndege wakiwa na jibu hilo.

"Na baadaye? Lilipokwenda El Salto?"

"Baadaye tulikuonea huruma. Usilie, compadre, nina kazi, sina mkono wa kukufutia. Hata usingedanganya tungeondoka. Labda tungeondoka mapema, na Elpidia angekuwa na mume. Labda hapana. Mimi sijui, na wewe hujui. Njoo ushike ngazi."

Alishika. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu alipanda juu ya paa lake akaanza kung'oa misumari, akiitupa ndani ya kopo. Bati la kwanza lilishuka kwa kelele. Vumbi la kutu lilimwingia Nicanor machoni, naye hakuweza kulifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye ngazi.

"Shikilia vizuri," alisema Doña Monserrate kutoka juu. "Hili la pili limekaza."